Kingamwili za kuonea kadherini na katenini: ipi ununue kwanza

Kadherini ni protini za utando zinazoshikanisha seli na seli, na katenini huziunganisha na nyuzi za aktini ndani ya seli. Kama unataka kutazama viungio hivyo na fedha yako inatosha chupa mbili tu, nunua kloni 36 ya E-kadherini na kloni 14 ya beta-katenini (kloni ni toleo moja la kingamwili), zote za kampuni ya BD, pamoja na kingamwili za pili, zile zenye rangi zinazoshika kingamwili ya kwanza, zinazotofautisha IgG2a na IgG1, aina mbili za kingamwili za panya (mouse). DECMA-1 na HECD-1, za sehemu ya nje ya E-kadherini, ni kingamwili bora, lakini zina kazi yake. Wengi huzinunua kwa sababu wameziona kwenye makala fulani, kisha hulalamika kwamba hazifanyi kazi. Alfa-18, ya alfa-katenini, ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote, ila si ya kuanzia.

Swali la kuuliza kabla ya kulipia chupa yoyote ni moja: kingamwili hii inashika wapi? E-kadherini ya binadamu hutengenezwa ikiwa na asidi amino 882, na ikishakatwa kipande chake cha awali hubaki protini ya kDa 120 hivi (kilodaltoni, kipimo cha ukubwa wa protini). Nje ya seli ina moduli tano, EC1 hadi EC5. Katikati ya kila moduli mbili hukaa ioni tatu za kalisiamu, jumla 12, na ndizo zinazoikakamaza sehemu hiyo yote isimame wima. EC1 ya seli moja hushikana na EC1 ya seli jirani kwa kubadilishana uzi wenye triptofani ya nafasi ya pili. Ndani ya seli kuna mkia wa asidi amino 150 hivi: upande wa karibu na utando hushikwa na p120, katenini nyingine, na upande wa mwisho hushikwa na beta-katenini kwa mwili wake wenye marudio 12 ya armadilo. Beta-katenini humshika alfa-katenini, na alfa ndiye anayefika kwenye nyuzi za aktini. Jina katenini lilitolewa mwaka 1989 na Ozawa, Baribault na Kemler, walipozikuta protini tatu za kDa 102, 88 na 80 zikivutwa pamoja na kadherini. Ile ya tatu, gama, ndiyo plakoglobini.

Tatizo ni kwamba E-kadherini haikai nzima muda wote. Vimeng'enya vya nje huikata karibu na utando, kipande cha kDa 80 hivi kikaelea kwenye maji ya kukuzia seli, na kipande cha kDa 38 kikabaki kwenye utando. Hicho kilichobaki hukatwa tena na kimeng'enya cha gama-sekretasi kikawa kDa 33, na seli inayokufa kwa kaspasi (vimeng'enya vya kifo cha seli) hutoa kipande cha kDa 29. Kingamwili inayoshika mkia itaona 120, 38, 33 na 29, lakini haitaona 80 hata ukipakia maji mengi kiasi gani. Inayoshika nje itaona 120 na 80, na vile vidogo haitavijua kabisa. Maabara mbili zinaweza kutumia kloni mbili tofauti, moja ikasema kadherini imepotea na nyingine ikasema ipo, na zote zikawa zimepima sawasawa.

Kloni 36 na 24E10

Kloni 36 ni IgG2a ya panya, iliyotengenezwa kwa kipande cha mkia wa E-kadherini ya binadamu. Inafanya kazi kwenye seli za binadamu, panya na mbwa, maana yake inafaa kwa seli za MCF-7 na Caco-2 (za binadamu) na MDCK (za mbwa) kwa chupa ileile. Kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, inatoa mstari safi wa kDa 120. Ukiona mwingine hafifu juu yake, kwenye 135 hivi, hiyo ni protini changa ambayo haijakatwa kipande cha awali. Ni jambo la kawaida hasa kwenye seli ulizozitia jeni kwa wingi. Chini ya hadubini hutoa mpaka mwembamba unaong'aa kati ya seli na seli.

Kasoro yake ni mbili. Kwanza, mikia ya kadherini za kundi moja na E inafanana sana, kwa hiyo kwenye seli zenye P-kadherini nyingi, kama za ngozi, usiamini ishara yake bila sampuli ya kulinganishia. Kati ya seli za kansa ya matiti, MDA-MB-231 haina E-kadherini, na SKBR3 jeni lake limefutika. Weka mojawapo kwenye kila jaribio. Pili, ukiipaka kwenye tishu za panya, kingamwili ya pili itashika pia kingamwili za panya mwenyewe zilizomo kwenye tishu, na picha nzima itakuwa na ukungu. Hapo ndipo 24E10 ya Cell Signaling inapokuwa na thamani yake: ni ya sungura, inashika mkia karibu na prolini ya 780, na ukungu huo haupo. Anza na 1:200 kwa hadubini na 1:1000 kwa jeli. Kwa anayefanya kazi na tishu za panya pekee, hii ndiyo chupa ya kwanza badala ya 36.

Kwa sababu zote zinashika ndani, lazima utoboe utando. Hili wengi hulisahau wanapotaka kuhesabu seli zilizo hai kwa mashine ya mtiririko, inayopima seli moja moja zikipita. Bila kutoboa, kloni 36 itakupa sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote.

DECMA-1 na HECD-1

DECMA-1 ni IgG1 ya panya buku (rat), kutoka maabara ya Kemler, iliyoelezwa na Vestweber na Kemler mwaka 1985 wakati protini hii ikiitwa uvomorulini. HECD-1 ni IgG1 ya panya, kutoka kundi la Masatoshi Takeichi, iliyotengenezwa dhidi ya seli za MCF-7. Zote mbili hushika sehemu ya nje, na zote mbili huweza kuvunja mshikamano wa seli zilizo hai. DECMA-1 ni ya panya na mbwa; HECD-1 ni ya binadamu tu. Ukiiweka HECD-1 kwenye MDCK usishangae kukosa ishara, kwa sababu hizo ni seli za mbwa. Kosa hili linajirudia kuliko yote tunayoulizwa.

Jambo la kuvutia kuhusu DECMA-1 ni kwamba mahali inaposhika ni karibu na utando, mbali na EC1 inayofanya kazi ya kushikana. Kikundi cha Kemler kilionyesha hivyo mwaka 1990. Kwa hiyo usieleze matokeo yako kana kwamba kingamwili imeziba mlango wa EC1. Inachofanya ni kuizuia protini isifanye kazi. Zaidi ya hapo andika kwa tahadhari.

Ukitaka kutenganisha seli kwa DECMA-1, agiza ile isiyo na azidi. Chupa ya kawaida huhifadhiwa kwa azidi ya sodiamu, na azidi huua upumuaji wa seli. Seli zitaviringika na kuachana, nawe utafikiri umevunja kadherini kumbe umezitia sumu. Anza kwa mikrogramu 10 hadi 50 kwa mililita, ukilinganisha na IgG1 ya panya buku isiyo na shabaha, kwa kiasi kilekile na kutoka kwenye bufa ileile. Ongeza kingamwili wakati seli zinaungana, si zikiwa zimekwisha jenga ukuta mzima. MDCK zilizojaa sahani huwa zimejifunga kwa juu, na kingamwili iliyowekwa upande wa juu haipenyi kufikia kadherini zilizo ubavuni. Weka upande wa chini kwa kutumia kichujio chenye matundu, au fungua viungio kwanza kwa kuondoa kalisiamu, kisha irudishe pamoja na kingamwili.

Namna ya kuondoa kalisiamu ni hii. DMEM ya kawaida, yaani chakula cha seli, ina kalisiamu milimola 1.8. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea) isiyo na kalisiamu wala magnesiamu, weka EGTA, inayonyakua kalisiamu, milimola 4 kwenye chakula cha seli, rudisha kwenye kabati la joto kwa nusu saa hadi seli zianze kuviringika. Tumia EGTA, usitumie EDTA, kwa sababu EDTA hunyakua na magnesiamu, na seli zitaanza kung'oka kwenye sahani badala ya kuachana zenyewe kwa zenyewe. Kisha mwaga, weka chakula kamili, na chukua sampuli kila baada ya muda. Seramu nayo ina kalisiamu. Ukitaka kiwango cha chini kweli, ipitishe kwanza kwenye Chelex, shanga zinazonasa kalisiamu.

Kalisiamu inarudi tena kwenye hatua ya kupaka. Kwa kingamwili za nje, osha kwa bufa yenye kalisiamu milimola 1 tangu mwanzo hadi seli zikaushwe, yaani zihifadhiwe kama zilivyo, kwa formaldehidi. Bila kalisiamu, moduli za nje hulegea na vimeng'enya huzikata kwa urahisi. Takeichi alilionyesha hilo tangu mwaka 1977: tripsini ikiwapo kalisiamu huacha mshikamano, tripsini bila kalisiamu huuangamiza. Ndiyo sababu anayeng'oa seli kwa tripsini na EDTA za kawaida kisha akazipaka HECD-1 kwa mashine ya mtiririko huona ishara imepotea. Alichopoteza ni sehemu ya nje ya protini, imesagwa na tripsini. Tumia tripsini 0.01% yenye kalisiamu milimola 1 hadi 2 (seli zitatoka kwa vipande vilivyoshikana, zitenganishe baadaye), au bufa isiyo na kimeng'enya.

Kwa kuvuta protini na washirika wake, DECMA-1 hufanya vizuri, ila tumia shanga za protini G. Protini A haishiki vizuri IgG za panya buku, na watu hupoteza sampuli nzima hapo. Vunja seli kwa sabuni ya NP-40 au Triton X-100 ya 0.5% hadi 1%, chumvi milimola 150, kalisiamu milimola 1, na dawa za kuzuia vimeng'enya. Achana na bufa yenye SDS kama unataka kuona alfa-katenini na p120, kwa sababu hao ndio wa kwanza kuachia.

Beta-katenini, kloni 14

Hii haina mengi ya kulalamikia. IgG1 ya panya, inashika nusu ya mwisho ya beta-katenini, mstari wa kDa 92, na inafanya kazi kwa binadamu, panya, mbwa na hata kuku. Kwa kuwa kloni 36 ni IgG2a, unaweza kupaka zote mbili kwenye kioo kimoja, kila moja na kingamwili ya pili ya aina yake. Hakikisha kwanza kwa kioo chenye moja tu kwamba rangi haivuki kwenda kwa nyingine. Usijaribu hivyo kwa p120 kloni 98, maana nayo ni IgG1 kama kloni 14. Hapo utahitaji ya sungura kwa mojawapo.

Tahadhari ya kweli iko kwenye kiini. Beta-katenini ina maisha mawili, moja kwenye kiungio na jingine kwenye njia ya kupeleka ishara iitwayo Wnt, ndani ya kiini, na nyingi ya protini hiyo kwenye seli za epithelia iko kwenye kiungio. Mpaka unaong'aa sana utaifunika ishara hafifu ya kiini. Ukitaka kusema chochote kuhusu kiini, kausha kwa formaldehidi 4% kwa dakika 10 hadi 15, zima mabaki kwa glisini au amonia kloridi milimola 50, na toboa kwa Triton 0.2%. Saponini haifungui utando wa kiini vya kutosha. Weka SW480, seli za kansa ya utumbo ambazo APC yake (protini inayosaidia kuvunja beta-katenini) ni mbovu, au seli zilizotiwa CHIR99021 (dawa inayowasha njia ya Wnt) mikromola 3, ili ujue kiini chenye beta-katenini kinaonekanaje kwenye hadubini yako.

Kwa kiungio chenyewe, methanoli ya nyuzi −20 kwa dakika 5 hadi 10 hutoa picha kali kuliko formaldehidi, kwa sababu huondoa sehemu kubwa ya protini zinazoelea kwenye saitoplazimu. Gharama yake ni aktini: faloidini, inayotumika kuonyesha aktini, haitashika tena, kwani umbo la uzi limeharibika. Aliyepanga kuonyesha kadherini, katenini na aktini kwenye kioo kimoja hana budi kubaki na formaldehidi.

Alfa-18

Kwa miaka mingi vitabu vilichora mnyororo ulionyooka: kadherini, beta, alfa, aktini. Mwaka 2005 makundi ya James Nelson na William Weis pale Stanford yalionyesha kwamba kwenye mmumunyo, alfa-katenini iliyomshika beta haimshiki aktini ipasavyo, na ile inayomshika aktini vizuri ni jozi ya alfa kwa alfa. Mchoro ukayumba. Mwaka 2014 walirudi na Alexander Dunn wakapima mnyororo huo ukiwa unavutwa, na wakakuta kwamba nguvu ya pikonyutoni chache huufanya ung'ang'anie aktini kwa muda mrefu zaidi, kama fundo linalozidi kukaza kadiri unavyovuta kamba. Bomba la majaribio halina mvutano. Seli hai inao.

Alfa-18, ya panya buku kutoka kwa Akira Nagafuchi, ndiyo kingamwili inayokuonyesha mvutano huo kwa macho. Inashika sehemu ya katikati ya alfa-katenini ambayo hujificha protini inapokuwa imejikunja, na hufunuka inapovutwa, jirani na mahali vinkulini, protini nyingine ya viungio, inapokuja kushika. Shigenobu Yonemura na wenzake waliitumia mwaka 2010 na kuonyesha kwamba ukizuia miosini, mota inayovuta aktini, kwa dawa ya blebistatini, ishara ya alfa-18 kwenye viungio hupungua na vinkulini huondoka.

Kwa hiyo haisomwi peke yake. Ishara ndogo ya alfa-18 inaweza kumaanisha alfa-katenini haijavutwa, au kwamba ipo kidogo tu. Ipake pamoja na kingamwili ya sungura inayoshika alfa-katenini yote, kisha ripoti uwiano wa mbili hizo kwenye kiungio kilekile. Kausha kwa formaldehidi 1% kwa dakika 15, usitumie methanoli: methanoli huifungua protini yenyewe, na mvutano unaoupima hauna maana tena. Kwenye jeli ya SDS vilevile, protini zote zimekunjuliwa, kwa hiyo ukubwa wa mstari hauelezi chochote kuhusu mvutano. Kioo cha kulinganishia ni blebistatini mikromola 50 kwa nusu saa, gizani, kwani mwanga wa bluu huiharibu na kuitia sumu. Ukikosa alfa-18, vinkulini kwa kingamwili ya hVIN-1 ni mbadala unaokubalika, ukikumbuka kwamba vinkulini imo pia kwenye vishikizo vya chini ya seli. Soma tabaka la juu la picha, si la chini.

Seli za kujipima macho zipo. PC-9 za mapafu zina E-kadherini lakini hazina alfa-katenini, na hazishikani. Zikirudishiwa alfa zinajipanga upya. Yeyote anayehitimisha kwamba viungio ni vizima kwa sababu kloni 36 imeng'aa, aziweke PC-9 karibu na sampuli zake.

Kwenye vipande vya parafini

Maabara za patholojia hutumia E-kadherini kutofautisha kansa ya matiti ya lobuli na ile ya mifereji. Lobuli kwa kawaida hupoteza E-kadherini kwenye utando, na p120, ikikosa pa kushika, husambaa saitoplazimu yote. Hapa p120 inastahili fedha yako kuliko ilivyo kwenye seli za sahani, kwa sababu inageuza jibu la "hakuna rangi" kuwa jibu la "rangi iko mahali pengine", na hilo linasomeka kwa uhakika zaidi. Kuna uvimbe wa lobuli wenye E-kadherini mbovu ambayo bado inachukua rangi. Ukisoma na p120 na beta-katenini utaugundua. Jeni lake, CDH1, ndilo lililokutwa mwaka 1998 kwenye familia ya Wamaori wa New Zealand yenye kansa ya tumbo ya kurithi.

Chemsha kwenye Tris-EDTA ya pH 9 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 95 hadi 98, na tazama mifereji mizima iliyo kwenye kipande hichohicho kabla ya kusoma uvimbe. Mifereji ikiwa haina rangi, kipande hicho hakisomeki, hata uvimbe uwe wazi namna gani. Mara nyingi sababu ni tishu iliyochelewa kutiwa formalini.

Bei na utunzaji

Chupa ya kampuni kubwa hugharimu dola mia kadhaa, na usafiri wa baridi hadi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huongeza kiasi cha kuumiza. Benki ya hibridoma (seli zinazotoa kingamwili) ya Chuo Kikuu cha Iowa huuza kwa bei ya chini sana. rr1 yake ni nzuri kwa E-kadherini ya mbwa, na kwa nzi wa matunda DCAD2 (ya kadherini) na N2 7A1 (ya armadilo, beta-katenini ya nzi) ndizo zinazotumika kila mahali. Huja kama maji ya kukuzia seli, kwa hiyo kiasi cha kingamwili hubadilika toleo kwa toleo. Zimua upya kila unapopokea chupa mpya, 1:10, 1:30, 1:100.

Zilizo na gliserini 50% kaa nazo kwenye −20, hazigandi. Zisizo na gliserini gawa kwa mikrolita 10 siku zilipofika, na chupa inayotumika ibaki kwenye nyuzi 4. Friza linaloondoa barafu lenyewe halifai, kwani hupasha na kugandisha bila wewe kujua. Na mahali umeme unapokatika, weka mirija kwenye sanduku la povu lenye vifurushi vya barafu ndani ya friza, na iwe katikati, mbali na mlango.

Ukiagiza mara moja tu kwa mwaka, mpangilio wetu ni 36, 14, kingamwili mbili za pili za IgG2a na IgG1, kisha ya sungura ya alfa-katenini yote. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huikata bajeti inapobana. Afadhali ukate DECMA-1.